Mstari wa Tarehe Kumi na Moja Machi

Gasto hakusimama wala hakumkaribisha mgeni kiti. Alikisukuma kitabu kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, kikaning'inia nusu, ili Sajenti Antipasi akidake mwenyewe.

"Soma polepole, Sajenti. Leo Jumamosi, kesi ni Jumanne. Una muda wa kusoma na kusahau."

Antipasi alikidaka, akavuta kiti, akakaa bila kuambiwa. Kilikuwa kitabu cha kupokelea barua, jalada gumu jeusi. Kila mstari ulikuwa na tarehe, jina la anayepelekewa, na nafasi ya mpokeaji kutia sahihi. Kila barua iliyotoka kwa mkono wa tarishi katika ofisi hii ya Gasto, wakala wa Kampuni ya Bima ya Mhimili, mjini Singida, ilipita humo. Akafungua mwezi wa Machi, 1966, miezi mitano nyuma.

"Mstari wa mwisho," Gasto alimsaidia. "Tarehe kumi na moja. Barua ya kukataa madai ya ajali. Mpokeaji Magdalena Ezekieli, mjane, Sepuka. Na sahihi yake hiyo hapo, wino wa bluu. Unaona, au nikufungulie dirisha?"

"Naona."

Aliiona vizuri mno. Herufi kubwa, za duara, zimebonyezwa kwa nguvu mpaka upande wa pili wa karatasi umevimba.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Tarehe nane Februari lori la Chhotalal, mwenye duka mjini, lilimgonga Ezekieli Mughwai katika barabara ya Sepuka akitoka shambani, akafa palepale. Lori lilikuwa na bima. Kampuni ilipata taarifa tarehe kumi na nne Februari. Ikakataa kulipa, kwa sababu leseni ya dereva ilikuwa imekwisha siku nne kabla ya ajali. Hilo lilikuwa kweli. Antipasi ndiye aliyeichunguza ajali, na leseni ile aliishika kwa mkono wake. Lakini masharti ya bima yenyewe, kifungu cha tisa, yalisema kwamba kampuni ikitaka kukataa, sharti iwajulishe kwa maandishi mwenye gari na warithi wa marehemu, wote wawili, ndani ya siku thelathini. Siku ya thelathini ilikuwa tarehe kumi na sita Machi. Ikipita hapo, kampuni imelala, na iliyolala italipa hata kama leseni ya dereva ilikuwa ya babu yake.

Barua ya kukataa ilikuwa na tarehe kumi Machi. Chhotalal aliapa kwamba aliiona Julai. Mjane aliapa kwamba hakuiona kabisa. Jumanne hakimu angeamua nani atamlipa. Chhotalal ndiye aliyekwenda polisi akasema tarehe hizo zimeghushiwa.

"Tarishi aliyeipeleka Sepuka yuko wapi?" Antipasi aliuliza.

"Aliacha kazi mwezi wa tano. Kwao ni Tabora, au mbele ya Tabora."

"Jina lake?"

"Nilimwita tarishi na akaitika."

Antipasi akarudisha kurasa nyuma mpaka Januari, akazipeleka mbele mpaka Agosti. Akazirudia tena, safari hii akitazama chini tu.

"Mbona mstari wa mwisho wa kila ukurasa uko mtupu?"

"Kitabu kirefu, meza fupi. Nikifika chini mkono unakosa pa kuegemea, mwandiko unaharibika. Naruka."

"Januari umeruka. Februari umeruka. Aprili, Mei, Juni, Julai, umeruka. Machi hukuruka."

Gasto akachukua kitambaa akajifuta shingo. "Siku ile barua zilikuwa nyingi."

"Ukurasa unaofuata unaanzia tarehe kumi na nne. Ulikuwa na ukurasa mzima."

"Sajenti." Gasto alitabasamu, akainamia meza. "Mwaka jana ulinipeleka mbele ya hakimu kwa hisia kama hizi. Hakimu akakuuliza una nini mkononi. Ulikuwa na kofia yako. Watu walicheka mpaka stendi ya mabasi, na mimi nikarudi hapa kunywa chai. Unataka tena? Nenda Sepuka. Mpe yule mama kalamu, aandike jina lake mbele ya macho yako, kisha ulinganishe. Ukiona herufi moja imekosea, njoo unifunge. Lakini usinifunge kwa sababu ya urefu wa meza."

Alilisema bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililomkera Antipasi kuliko kofia. Mtu aliyeghushi mwandiko hamwambii askari akaulinganishe.

Aliandika hati ya kukichukua kitabu, akaichomoa daftarini, akaiweka mezani.

"Kirudi Jumatatu," Gasto alisema.

"Kitarudi Jumanne. Mahakamani."

*

Duka la Chhotalal lilinuka bizari na mafuta ya taa. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mguu mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Duka lilikuwa la kupanga, na lori bado halijamaliza kulipiwa.

"Mahakama ikinikamua mimi, bwana Sajenti, yule mama atapata bizari kilo mbili na mizani mbovu. Bima ndiyo yenye kitu. Kila mwaka nilipeleka ada, kila mwaka Gasto ananipa mkono na kalenda. Sasa mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka kumwona anauza karanga barabarani, kwa kopo. Nitanunua kopo moja, nitaonja, nitamwambia, bwana, mbichi."

"Barua yako ilikuja kwa posta?"

"Posta. Julai. Stempu juu."

"Gasto anasema aliitia posta tarehe kumi na moja Machi. Bahasha iko wapi? Muhuri wa posta utatuambia."

Chhotalal alimtazama mkewe. Shanta, aliyekuwa akipima sukari, aliendelea kupima.

"Bahasha ilikuwa karatasi ngumu," alisema hatimaye. "Nimefungia iliki."

"Ya serikali umefungia iliki?" mumewe akauliza.

"Si ya serikali. Wewe mwenyewe ulisema ni ya wezi. Ya serikali ningeweka."

Chini ya kaunta palikuwa na sanduku la bahasha zilizotumika, zimekatwa vizuri, zinangoja pilipili manga na mdalasini. Walizimwaga juu ya gunia wakazipekua wote watatu. Antipasi alipata ya kampuni ya vitambaa, ya misheni, ya ndugu wa Shanta walioko Dodoma. Chhotalal ndiye aliyeipata yenye chapa ya Mhimili kwenye kona. Aliinyanyua, akaipeleka mlangoni penye mwanga, na uso wake ukafifia polepole.

"Tarehe kumi na mbili Machi," alisema. "Basi nimekwisha."

Antipasi aliichukua. Muhuri ulisomeka wazi. Tarehe kumi na mbili, siku moja baada ya ile aliyoitaja Gasto.

"Machi kampuni ilikuandikia jambo jingine lolote?"

Chhotalal alisugua paji la uso. Kisha akaenda nyuma, akarudi na msumari mrefu uliochomekwa makaratasi, akayachomoa moja moja. Kati ya risiti za mafuta palikuwa na karatasi ya Mhimili ya tarehe kumi na moja Machi, ikimkumbusha mteja mpendwa kwamba ada ya bima yake inakaribia.

"Bahasha ni ya hii," Chhotalal alisema, sauti ikapanda. "Hii ndiyo ilikuwa ndani. Hii!"

"Huenda. Na Gasto atasema zilikuwa mbili ndani ya bahasha moja. Bahasha haisemi ilibeba nini." Antipasi akaikunja, akaitia mfukoni. "Ya Julai imekwenda na iliki, kwa upande wako hatuna kitu. Imebaki sahihi ya mjane. Ikisimama ile, mmeanguka wote wawili."

Chhotalal alikusanya bahasha zake. Antipasi alipokuwa mlangoni, akamwita.

"Bwana Sajenti. Yule mama, lori lililomuua mumewe ni langu. Mimi siwezi kwenda kumtazama usoni. Lakini mwambie, kwa Gasto, mimi na yeye tuko mzani mmoja."

*

Magdalena alikuwa akipura uwele nyuma ya tembe yake, mtoto mchanga mgongoni, kitambaa cha kichwani kimejaa makapi. Binti yake Sara, wa miaka sita, alikuwa akifukuza kuku. Kwenye kivuli cha ukuta, juu ya ngozi ya ng'ombe, mama mkwe wake Hana alikuwa anapepeta.

"Shikamoo, mama," Antipasi alimwamkia mzee kwanza.

"Marahaba, baba. Umetuletea nini? Maana nyie mkija mkono mtupu ndiyo mnakuja na neno zito."

"Nimekuja na kalamu tu, mama."

Akamweleza Magdalena anachotaka. Hakumwonyesha kitabu. Magdalena alijipangusa mikono kwenye kanga, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayekwenda kumpokea mtoto wa mwenzake. Akapiga magoti, akaweka daftari la askari juu ya kinu kilichofunikwa, akaandika. Ilimchukua muda. Mtoto mgongoni alimvuta sikio, naye hakugeuka mpaka alipofika herufi ya mwisho.

Antipasi akafungua kitabu cheusi, akaweka kando kwa kando.

M ileile, mguu wa kwanza mfupi. Mkia uleule wa mwisho uliopinda kwenda juu. Hata ule mbonyeo uliovimbisha karatasi ulikuwa uleule. Gasto hakusema uongo. Mkono ulioandika kitabuni ni huu uliokuwa bado unanuka uwele.

"Mama Sara, hii ni sahihi yako."

Magdalena aliinama, akatazama. "Ni yangu."

"Inasema tarehe kumi na moja Machi ulipokea barua ya bima."

"Sikupokea barua."

"Umesema sasa hivi ni sahihi yako."

"Ni yangu. Na barua sikupokea. Niulize mara mia."

"Hakimu hatauliza mara mia. Atauliza mara moja, atatazama kitabu, atakutazama wewe. Utatoka pale Jumanne mwongo, na Gasto atakupa pole mlangoni."

Aliona taya za yule mama zikikaza. Hana aliacha kupepeta.

"Mume wangu amekufa kama panya barabarani," Magdalena alisema. "Nikavumilia. Dereva kaomba radhi, nikavumilia, kwa sababu alilia. Huyo Gasto nilimfuata ofisini kwake Julai, mtoto mgongoni, nikasimama tangu asubuhi. Akaniambia mama, ungesoma barua usingesumbuka. Mbele ya watu. Hilo sivumilii. Mimi nataka asimame yeye pale, mguu kwa mguu, mpaka miguu iwake moto." Akakunja uso. "Umesema mwezi gani?"

"Machi."

"Machi Ezekieli alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Si wewe uliyekuja Machi kuniandika maelezo? Ulikaa hapohapo. Ukanishika mkono wewe mwenyewe."

Antipasi alitembea mpaka kwenye Landrova, akatoa jalada lililokuwa chini ya kiti tangu asubuhi, akafunua kurasa. Maelezo ya shahidi, Sepuka, Jumatatu, tarehe kumi na nne Machi 1966. Chini, karibu na sahihi yake mwenyewe, palikuwa na doa la zambarau lenye mistari. Na chini ya doa, kwa mwandiko wake: *Dole gumba la kushoto la Magdalena Ezekieli, asiyejua kuandika.*

Siku tatu baada ya ile tarehe ya kitabuni. Alikuwa amelizungusha jibu mji mzima kwenye gari la serikali.

"Mtu hawezi kujua kuandika Ijumaa, akasahau Jumatatu," alisema aliporudi.

"Mimi sikujua Ijumaa wala Jumatatu," Magdalena alisema. "Nimejulia kwa Mwalimu Klara. Tulianza baada ya Pasaka."

*

Mwalimu Klara alifundisha kisomo cha jioni cha watu wazima katika ghala la ushirika, mara tatu kwa wiki. Nyumba yake ilikuwa jirani na ghala. Alimpokea Antipasi na daftari la mahudhurio tayari mkononi, kwa sababu Sara alikuwa ametangulia mbio kumwambia polisi anakuja.

"Kila Alhamisi wanajiandikisha wenyewe," alieleza. "Ambaye bado, anatia dole. Sikumruhusu mtu kuandikiwa. Nilitaka waone aibu kidogo, waongeze bidii."

Antipasi alifuata jina la Magdalena kwa ncha ya penseli. Aprili, dole. Mei yote, dole. Juni tarehe mbili, dole. Tarehe tisa, dole. Kumi na sita, dole. Juni ishirini na tatu, herufi kubwa za duara, zimebonyezwa mpaka karatasi imevimba.

"Kabla ya hapo hakuweza kabisa?"

"Kabla ya hapo, Sajenti, alikuwa akiandika *Ma* anapumzika." Klara alicheka kidogo, kisha akaacha. "Siku ile alilia. Aliandika jina lake, akaandika la mumewe. Halafu akaniuliza *lori* linaandikwaje. Nikamwambia, mama Sara, na maneno yote mazuri yaliyopo, kwa nini lori? Akasema, nataka nikiliona adui yangu kwenye karatasi nimtambue."

"Utayasema haya mahakamani Jumanne?"

"Kuhusu lori?"

"Kuhusu madole."

"Nitabeba na daftari. Na yule Gasto akinicheka, nitamwandikisha darasa la kwanza."

Antipasi alinakili tarehe, akampa Klara asaini nakala. Sahihi ya kitabuni basi iliandikwa baada ya Juni ishirini na tatu, kwenye mstari ambao Gasto aliuacha mtupu tangu Machi kwa desturi yake ya kuruka. Siku ya thelathini ilikuwa imepita miezi mitatu nyuma. Lakini wakili wa kampuni angeuliza swali moja tu: kitabu kilichokuwa Singida kilifikaje Sepuka, na nani alikileta?

*

Aliporudi, hakuna aliyekuwa anapura. Magdalena alikuwa amekaa kwenye kigogo akimnyonyesha mtoto. Hana hakuwa amesogea.

"Baada ya Juni," Antipasi alisema, "nani alikuletea kitabu hiki?"

"Ilikuwa Julai. Kitabu sikukiona. Niliona mstari." Magdalena alimfunika mtoto kwa upindo wa kanga. "Kilikuwa kimefunikwa gazeti juu na chini. Niliambiwa ni orodha ya wajane, ushirika utatoa majembe."

"Uliambiwa na nani?"

Alimtazama mama mkwe wake kwa haraka, akarudisha macho kwa mtoto.

"Alikuja na kikopo cha wino wa kutia dole. Akakifungua, akanyoosha mkono ashike kidole changu. Nikamwambia funika kikopo chako, mimi siku hizi naandika. Akasimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akasema dole linatosha. Nikamwambia dole lingetosha ningebaki kulala nyumbani jioni, nisingekwenda kwa Mwalimu Klara na mtoto mgongoni. Nikachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake. Nikaandika."

Antipasi aliacha kuandika. Alilitazama lile dole la zambarau kwenye jalada, akaitazama sahihi ya bluu. Kama yule mama angekubali kutia dole, kazi yao isingekuwa na doa. Dole la Julai ni sawa na dole la Machi, halina umri. Aliyekuja na kikopo alimjua Magdalena wa zamani, wa dole, na hakuna aliyemwambia kwamba jioni anakwenda ghalani kusoma. Gasto kwa upande wake hakujua kwamba mpaka Juni yule mama alikuwa mtu wa dole. Alipoletewa jina zima limeandikwa, alifurahi tu, akaona amepewa zaidi ya alichoomba.

"Aliyekuja ni mtu wa hapa nyumbani," Antipasi alisema.

Hana alisema maneno machache kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini. Antipasi, aliyezaliwa Mungaa kwa Wanyaturu, hakuhitaji kutafsiriwa. *Nilizaa wana wawili. Mmoja ameliwa na lori.*

Magdalena alimhamishia mtoto titi la pili.

Kengele ya baiskeli ililia njiani. Mtu aliyekuja alikuwa kijana wa miaka thelathini, shati jeupe, kalamu mfukoni. Baiskeli ilikuwa mpya kiasi kwamba karatasi za dukani bado zilikuwa zimezungushiwa mabomba yake. Alikuwa Simoni, mdogo wa marehemu. Tangu msiba ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba hii na mashamba yake, ingawa siku nyingi alikuwa mjini.

"Habari za kazi, afande."

"Nzuri. Baiskeli inang'aa hii. Umeipata lini?"

"Juzi juzi. Julai."

"Kwa kuuza nini?"

"Vibarua, afande. Mjini."

"Kwa nani?"

"Kwa watu tu. Huyu na huyu."

"Hongera. Mimi nimekuja kwa habari ya orodha ya wajane."

"Aa." Simoni aliegemeza baiskeli ukutani, akaipangusa kiti kwa mkono. "Hayo majembe bado hayajafika. Niliwauliza."

"Mimi sikutaja majembe."

Kuku walikuwa wamerudi kwenye uwele, na hakuna aliyewafukuza. Simoni alimtazama shemeji yake.

"Umeshamwambia nini huyu?"

"Hajataja jina," Antipasi alisema. "Umejitaja wewe."

Simoni aliketi chini, palepale kwenye makapi, na shati lake jeupe.

"Gasto alisema ni karatasi ya ofisi, wamesahau tu kuijaza. Alisema kwa vyovyote Chhotalal atalipa, wenye maduka hawakosi. Ningejuaje mimi habari za siku thelathini? Shemeji, niangalie. Hata baiskeli nilisema itatusaidia wote, mtoto akiumwa usiku atafika zahanati."

"Sara aliumwa wiki mbili zilizopita," Magdalena alisema. "Nimempeleka mgongoni, na huyu nimemfunga mbele. Baiskeli ulikuwa nayo mnadani."

Alimwondoa mtoto titini, akampa Sara ambebe. Sauti yake haikupanda.

"Ulikuja hapa na mkono ule ule uliomshika kaka yako miguu tulipomzika. Ukataka kidole changu ukakiuze. Ningekuwa bado mjinga, leo hakuna ambaye angejua. Ungekula ugali wangu unapiga kengele."

Antipasi alivuta kigogo kingine, akakaa kati yao, daftari gotini.

"Nisikilizeni. Daftari la Mwalimu Klara linaonyesha sahihi si ya Machi. Maelezo yangu yanaonyesha hivyo hivyo. Lakini Gasto atasema basi ni makosa ya kalamu, mjane alikuja mwenyewe ofisini, tarishi alichanganya. Atakuwa na la kusema mpaka tumlete aliyebeba kitabu. Nikiwa na jina, leo hii tunashuka naye mjini, na kesho asubuhi namchukua Gasto kabla hajaenda kanisani. Jina ni lazima litoke kwa aliyetia sahihi."

"Na huyu?" Hana aliuliza, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Naye atajibu lake, mama. Akisema kweli dhidi ya Gasto, hakimu atalitazama hilo. Siwezi kukuahidi zaidi."

Hana alisimama kwa kujisukuma na mikono miwili. Alimwendea Magdalena mpaka karibu.

"Haya mashamba ni ya ukoo. Msimamizi ni huyu. Ukimtia mkononi mwa polisi, nani atakusimamia? Utalala wapi wewe na hawa watoto?"

"Nitalala hapahapa, mama. Atakayelala kwingine ni yeye."

"Ni damu ya mumeo."

"Damu ya mume wangu niliifuta barabarani kwa kanga yangu. Huyu ameiuza." Magdalena aligeuka kwa Antipasi. "Andika, bwana Sajenti."

Hana alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri aitwe. Hakuitwa. Aliingia ndani ya tembe, na wakasikia mlango ukifungwa kwa komeo.

Antipasi aliandika. Magdalena alikuwa amesogea nyuma ya bega lake, akifuata kila mstari kwa kidole, midomo ikitembea. Mara mbili alimsimamisha ili asome tena. Simoni alibaki makapini, kichwa kati ya magoti, asikimbie. Alikuwa na baiskeli, lakini gari la polisi lilikuwa limesimama njiani.

"*Aliyeniletea kitabu hicho mwezi wa Julai na kuniambia ni orodha ya majembe,*" Antipasi alisoma alipofika, "*ni Simoni.*" Akaweka nukta.

Kidole cha Magdalena kilitua juu ya ile nukta.

"Usiishie hapo. Ongeza jina la baba yake, na la babu yake. Sepuka ina kina Simoni wengi, na mimi sitaki Jumanne aje mwingine."